Mkono Uliobaki Begani

Watu walimwita Fundi Wino, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa sababu kwa miaka mingi kazi yake katika studio ya picha ilikuwa kutengeneza nyuso za watu kwa wino. Picha ikitoka kwenye chumba cha giza ikiwa na doa jeupe kwenye paji la uso, au mkwaruzo uliopita juu ya pua ya mtu kama njia ya sisimizi, iliwekwa mezani kwake. Alikuwa na brashi yenye nywele chache kama sharubu za paka, kisahani cha wino uliozimuliwa kwa maji, na pumzi ya kuzuia. Aligusa, akangoja pakauke, akagusa tena. Akimaliza, doa halipo, na hata mwenye uso asingeweza kukuonyesha lilikuwa wapi.

Alikuwa mwepesi wa kucheka. Kicheko chake kilianza tumboni, kikapanda taratibu, na kilipofika mdomoni tayari machozi yalikuwa yanamtoka. Jambo moja tu lilikuwa halimchekeshi: hesabu. Shuleni, alipenda kusema, mwalimu wa hesabu akiingia kwa mlango mmoja, akili zake zilikuwa zikitokea kwa mwingine. Tangu hapo yeye na namba walikuwa kama majirani waliokosana. Wakipishana njiani kila mmoja anaangalia upande wake.

Kisha zikaja kamera zisizo na filamu. Mwenye studio, mtu wa makamo aliyerithi kwa baba yake duka na nyusi za kutisha, alikigeuza chumba cha giza kuwa stoo ya viti na maua ya plastiki. Akanunua kompyuta, akaajiri mtaalamu wa kuiendesha. Fundi Wino akahamishiwa kaunta: kupokea wateja, kuwachana watoto nywele kabla hawajapigwa picha, kuwakumbusha akina baba kufunga kifungo cha shingoni. Hakulalamika, ila vidole vilimwasha. Kila alipopita nyuma ya kiti cha mtaalamu alitupia jicho kwenye skrini, naye mtaalamu akaigeuza kidogo, kama mpishi anayeficha sufuria.

Mtaalamu huyo alipopata kazi kwenye kiwanda cha mabango aliondoka upesi mno, hata chai yake akaiacha nusu kikombe. Mwenye studio akabaki ameshika kiuno katikati ya ukumbi. Mwisho akamgeukia Fundi Wino, akamwambia ajaribu yeye, maana kazi ni ileile, vyombo tu ndivyo vimehama kutoka mezani kwenda kwenye kioo.

Na kweli, alipokaa kwenye kile kiti na kuvaa miwani yake ya kazi, alihisi kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini. Pembeni mwa skrini palikuwa na brashi. Chini yake kifutio. Palikuwa na ndoo ya rangi, palikuwa na muhuri wa kugonga, palikuwa na jicho. Kulikuwa pia na kijialama cha ajabu, kijiti chenye duara nchani, ambacho mwenye studio alikiri hajawahi kujua ni cha nini. Yeye alidhani ni pipi ya mtoto. Fundi Wino alikitambua papo hapo. Kilikuwa ni kile kipande cha kadibodi kwenye waya ambacho zamani, kule chumba cha giza, mtu alikipitisha mbele ya mwanga ili kukinga sehemu fulani ya picha isije ikawa nyeusi mno. Alicheka mpaka akavua miwani. Waliounda programu hii, aliwaza, hawakuacha kitu. Wameubeba ukoo mzima.

Kwa wiki za mwanzo mambo yalikwenda. Alifuta chunusi, akapunguza weusi chini ya macho ya watu waliokesha, akawapa meno weupe wa kiasi. Kazi ya kwanza iliyomtoa jasho ililetwa na dada mtu.

Dada mtu huyu alikuwa dada wa bwana harusi mmoja, na ndiye aliyesimamia harusi nzima kwa mkono wa chuma. Alileta picha ya familia, watu wamejipanga mbele ya ukuta wa ukumbi, maharusi katikati, na nyuma ya maharusi, katikati kabisa, mwanamke mrefu aliyevaa njano tupu kuanzia kilemba hadi chini. Huyo alikuwa shangazi. Dada mtu aliomba atolewe. Fundi Wino akauliza kosa lake, si kwa umbea bali kwa sababu mtu hatolewi kwenye picha kama unavyotoa kijiwe kwenye mchele. Akaelezwa kwamba siku ya harusi shangazi alishika kipaza sauti akakataa kukiachia. Alisimulia utoto wa bwana harusi hatua kwa hatua, akafika kwenye umri wa kukojoa kitandani, akakaa hapo kwa muda mrefu, akiwa na mifano. Mkwe alisikia. Wakwe wote walisikia. Tangu siku hiyo shangazi na dada mtu walikuwa hawasalimiani.

Fundi Wino aliuma midomo ili asicheke mbele ya mteja. Akasema kazi ni kazi, atajaribu.

Akaona ni jambo jepesi. Akachukua kifutio, akakipitisha juu ya kilemba cha njano, akisubiri kuuona ukuta uliokuwa nyuma yake. Kilemba kikaondoka, lakini ukuta haukutokea. Palitokea vyumba vidogo vya kijivu na vyeupe, vimepangwa kama ubao wa drafti. Akadhani amegusa kitu kibaya. Akafuta zaidi, drafti ikaongezeka. Akachukua brashi kuisafisha ile drafti, akapaka rangi ya ukuta, ikawa kama plasta mpya kwenye nyumba kuukuu. Alipofika kiunoni mwa shangazi alisimama, akampigia simu mpwa wake.

Mpwa wake alikuwa binti wa mdogo wake, msichana mrefu mwenye vidole vya kucheza-cheza, anayeandika programu za kompyuta katika kampuni ya bima mtaa wa nyuma. Alikuja saa ya chakula cha mchana akiwa na mkate wake mkononi, akasikiliza malalamiko yote, akatazama skrini, na badala ya kusikitika akaanza kutabasamu.

"Mama Mkubwa," akasema, "ulitegemea nyuma ya shangazi kuna nini?"

"Ukuta. Si alisimama mbele ya ukuta?"

"Alisimama. Lakini kamera haikuuona. Ilimwona yeye."

Fundi Wino akaitazama tena skrini. Lilikuwa jambo dogo sana na lilimwingia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Miaka yote alikuwa anatazama picha kama dirisha, mbele kuna watu, nyuma kuna kuta na miti na vitu. Kumbe picha haina nyuma. Ile drafti, mpwa wake akamwambia, nayo haimo kwenye picha. Ni ishara tu ambayo programu inaiweka ili kumwambia mtu kwamba hapa pamebaki patupu. Ukichapa karatasi, drafti haitoki. Fundi Wino akakumbuka jinsi alivyohangaika kuisugua kwa brashi, na kile kicheko chake kikaanza kupanda kutoka tumboni.

Mpwa akavuta kiti. Akalikuza shavu la bibi harusi, akalikuza tena, akalikuza tena, mpaka shavu likavunjika, likawa miraba mitupu, kama sakafu iliyowekwa na fundi aliyeishiwa vigae vya rangi moja. Akasema kila mraba ni namba tatu na hakuna kingine: moja inasema wekundu ni kiasi gani, ya pili kijani, ya tatu buluu, kila moja kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Zote zikiwa sifuri ni giza totoro. Zote zikipanda hadi juu ni nyeupe pe.

"Na uso uko wapi hapo?" Fundi Wino akauliza.

"Uso hauko humu. Humu kuna namba. Uso unautengeneza wewe kwa macho yako."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka, lakini kwa raha, kama mtoto aliyezungushwa mikononi na mjomba wake. Akataka kujua, na brashi je. Mpwa wake akafungua mahali fulani, akasogeza kitu fulani, akamwambia apige mstari. Aliupiga, na badala ya mstari ukatoka msururu wa maduara, moja moja, kama nyayo za kuku. Ndivyo ilivyo siku zote, mpwa akasema. Hakuna brashi, hakuna nywele, kuna duara linalogongwa na kugongwa tena njiani unakopita, karibu karibu, mpaka jicho linakubali kudanganywa kwamba ni mstari. Na kila duara likigonga, mashine inafanya hesabu kwenye kila mraba: rangi ya zamani chukua fungu hili, rangi mpya chukua fungu lile, jumlisha. Katikati ya duara rangi mpya inapata fungu kubwa. Pembeni inapata dogo. Ndiyo maana brashi inaonekana laini.

Fundi Wino hakuamini mpaka ajionee. Akapaka njano, kisha juu yake akapaka buluu ya nusu nguvu, akangoja kijani. Maisha yake yote njano na buluu zilizaa kijani. Kisahani chake cha wino wa rangi kilikuwa shahidi. Kwenye skrini kikazaliwa kijivu. Akarudia, kijivu kilekile, kama maji ya kuoshea masufuria. Mpwa wake akamwandikia namba pembeni ya skrini: njano ina wekundu tele na kijani tele lakini haina buluu, buluu ina buluu tupu, kata kila moja katikati, jumlisha, namba zote tatu zinalingana, na zikilingana ni kijivu. Si rangi zilizochanganyika, ni namba zilizogawana. Fundi Wino akapiga hesabu ile kwa vidole, ikatoka sawa, na hakugundua hata kwamba amepiga hesabu.

Mwenye studio akachungulia kuuliza kuna nini, maana mteja aliyekuja kwa picha ya pasipoti alikuwa ameanza kucheka pia bila kujua anacheka nini. Hawakuweza kumweleza. Mpwa alikuwa ameweka mkate wake juu ya kibodi na sasa hata yeye alikuwa amewaka, kwa sababu ofisini kwake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mambo haya kwa hamu namna hii. Akamwonyesha ile kazi ya kulainisha. Alisema kila mraba unatazama majirani zake, unachukua wastani wao, unakuwa kama wao.

"Yaani unapatanisha majirani," Fundi Wino akasema.

"Haswa."

"Na ile ya kukoleza, ya kufanya picha iwe kali?"

Mpwa akafikiri kidogo. Kule, akasema, mashine inatafuta mahali ambapo majirani wanatofautiana, halafu inaizidisha tofauti. Aliye na mwanga inamwongezea mwanga, aliye na giza inamsukuma gizani zaidi.

Fundi Wino akapiga paja. Kumbe ni kuchonganisha. Zana moja inapatanisha majirani, nyingine inawachonganisha, na watu wanalipia zote mbili. Walicheka mpaka mkate ukaanguka.

Kabla hajarudi kazini kwake, mpwa aliifungua upya picha ya awali, shangazi akiwa mzima, akamfundisha jinsi ya kumtoa bila kifutio. Afungue tabaka jipya juu ya picha, kisha achukue ule muhuri, auambie uchukue ukuta wa pale pembeni na kuugonga juu ya shangazi. Fundi Wino akasema sawa, ni kama kuweka karatasi ya nailoni juu ya picha na kuchora juu yake. Mpwa akasema hapana, hakuna nailoni, hakuna juu wala chini. Kila mara mashine inapoonyesha picha inapita mraba kwa mraba, inauliza: wewe wa tabaka la pili, una kitu? Akiwa nacho, anaonekana yeye. Akiwa hana, anaonekana wa kwanza. Na lile jicho pembeni mwa tabaka si jicho. Ni swichi, moja au sifuri, tabaka hili lihesabiwe au lisihesabiwe.

Jioni ile Fundi Wino alimsimulia mumewe yote, chakula kikiwa kinapoa. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno machache aliyezoea kusikiliza kelele na kuendelea na kazi. Alionyeshwa vigae vya bafuni kama mfano wa miraba. Aliambiwa kwamba yeye mwenyewe kwenye picha yao ya ndoa ni namba tu. Alisikiliza, akatafuna, akameza.

"Kwa hiyo hesabu ulizozikimbia utotoni," akasema, "zimekuja kukuposa ukubwani."

Fundi Wino alicheka, akaondoa vyombo. Alilala akiwa anatabasamu, na asubuhi alifika studio kabla ya mwenye funguo.

Kumtoa shangazi kulimchukua siku kadhaa, na zilikuwa siku za raha kupita kiasi. Aliikuza picha mpaka ikawa miraba, akaingia ndani yake kama mtu anayeingia shambani. Aliugonga muhuri, ukuta ukahamia kwenye kilemba. Mara ya kwanza ukuta ulikuja na ufa wake, ukawa na nyufa mbili pacha, zimepinda namna ileile. Akaelewa kwamba muhuri hauna akili, unanakili namba kutoka hapa na kuzimwaga pale, na kazi ya akili ni yake. Akaanza kuchota ukuta kutoka sehemu mbalimbali, kidogo huku, kidogo kule. Bega la bwana harusi lilikuwa limefichwa na kiwiko cha njano, na kwa kuwa nyuma ya kiwiko hapakuwa na kitu, ilibidi abuni bega. Alichukua lile la upande wa pili, akaligeuza, akalipachika. Bwana harusi akapata mabega mawili ya kushoto na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Kila mraba aliouweka sawa ulimpa kizunguzungu kitamu cha furaha. Wateja walikuja kaunta wakamkuta ananong'ona namba. Mwanamke mmoja alimsikia akisema, "Wewe mia moja na arobaini, kaa na wenzako," akafikiri anaambiwa yeye, akasogea kwenye foleni.

Alipomaliza, alihifadhi picha na matabaka yake yote, akachapa kubwa ya ukutani, ikaingizwa kwenye fremu ya dhahabu. Dada mtu alikuja akaitazama kwa mbali, akaona njano haipo, akaridhika. Akaondoka nayo imefungwa kwenye blanketi.

Lililotokea baadaye Fundi Wino alikuja kulisikia kwa vipande. Picha ilitundikwa sebuleni kwa wazazi, ukoo ukaalikwa kuja kuitazama. Walisimama mbele yake, wakasifu, wakahesabu nani yuko na nani amefumba macho. Bibi mzaa baba, ambaye alikuwa amekaa karibu zaidi kwa sababu ya macho yake, aliangalia kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ule mkono ni wa nani.

Mkono gani, wakamuuliza. Ule wa begani kwa bibi harusi.

Wakasogea. Na ukweli ni kwamba kwenye bega la bibi harusi, juu ya lesi nyeupe, palikuwa na mkono. Ulikuwa umetulia vizuri, vidole vinne mbele na kidole gumba nyuma, mkono wa upendo kabisa, ila ulianzia kwenye kifundo na nyuma yake palikuwa na ukuta. Fundi Wino alikuwa amezama mno kwenye miraba yake. Kwa karibu namna ile, vidole vya shangazi vilikuwa miraba ya kahawia iliyofanana na miraba ya kahawia ya bega la bibi harusi chini ya lesi, na yeye akadhani ni ngozi moja. Alikuwa ametoa mtu mzima akasahau mkono.

Wengine walipiga kelele. Mtoto mmoja alilia. Bibi harusi mwenyewe alijishika bega. Halafu mtu akaiona pete kidoleni, pete pana yenye jiwe la kijani ambayo ukoo wote unaijua, na bibi mzaa baba akaanza kucheka. Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka, na alipocheka yeye hakuna aliyeweza kujizuia. Mtu akapiga picha kwa simu, akamtumia shangazi, bila maneno.

Siku iliyofuata mlango wa studio ukafunguliwa wakaingia wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa mrefu, safari hii kavaa zambarau, mwenye pete ya jiwe la kijani. Nyuma yake dada mtu, kainamisha kichwa. Fundi Wino aliitambua pete kabla ya kumtambua mwenyewe: rangi ile ya kijani aliwahi kuipita kwenye miraba ya bega, akadhani ni kito cha bibi harusi. Alijua kosa lake bila kuambiwa. Kitu kimoja alichokuwa hajui ni ukubwa wake.

Shangazi aliweka mkoba juu ya kaunta.

"Nimekuja kuchukua mkono wangu," akasema.

Fundi Wino akainuka kuomba radhi. Alitazama uso wa yule mwanamke na kuona pembe za midomo zinatetemeka, akamtazama dada mtu na kuona kwamba kuinama kule hakukuwa kwa aibu, alikuwa anacheka amejiziba mdomo kwa mtandio. Shangazi akashindwa kuvumilia. Wakacheka wote watatu, wakaegemea kaunta, na mwenye studio aliyetoka kuona ni nani anayefukuza wateja wake alirudi ndani bila kuuliza.

Walipopata pumzi, shangazi alieleza shida yake. Yeye na mwanawe, maana alimwita hivyo dada mtu, wameshapatana. Haikuwezekana kuendelea kununiana wakati ukoo mzima unapokea picha ya mkono wake kwenye simu. Dada mtu alikuwa amempigia kuomba msamaha, akashindwa kumaliza sentensi kwa kicheko, naye shangazi akaahidi kwamba kwenye harusi nyingine atashika kipaza sauti kwa muda mfupi. Sasa walitaka arudishwe. Je, aliyefutwa anaweza kurudi?

Fundi Wino akakaa kwenye kiti chake, akafungua ile picha. Akaenda kwenye orodha ya hatua alizopita, pale ambapo mtu anabonyeza kurudi nyuma. Orodha ilikuwa tupu. Mpwa wake alikuwa amemwambia hilo: kurudi nyuma si kurudisha saa, ni mashine tu kujiwekea akiba ya namba zilivyokuwa kabla hujazigusa, na ukifunga programu akiba ile inamwagwa. Alikuwa ameifunga programu tangu siku ya kuchapa. Akaiangalia ile familia kwenye skrini, ukuta aliougonga kwa mapenzi makubwa, bega bandia la bwana harusi, ule mkono usio na mwenyewe. Wanawake wawili waliinama nyuma yake, wakaiangalia pia.

Ndipo akakumbuka matabaka. Kwenye picha hii hakuwa amefuta kitu. Tangu ile siku ya drafti hakukigusa tena kifutio. Ukuta wake wote ulikuwa kwenye tabaka la pili, na chini, au kule ambako watu wanapaita chini, namba zote za shangazi zilikuwa palepale zimekaa kimya, haziulizwi. Akapeleka mshale kwenye lile jicho ambalo si jicho, akabonyeza mara moja.

Shangazi akarudi, na kilemba chake na kiwiko chake na njano yake yote.

Dada mtu alishusha pumzi. Shangazi alisogea karibu na skrini, akajitazama. Akaomba ajizime na kujiwasha mwenyewe. Fundi Wino akampa kipanya. Akabonyeza, akatoweka, ukabaki mkono, akabonyeza, akarudi. Akabonyeza tena na tena, yuko, hayuko, yuko, huku dada mtu akimshika kiuno asianguke, na Fundi Wino akaona kwamba hii ndiyo furaha ileile iliyomshika yeye wiki nzima, sasa imeambukiza.

Mwisho walichapa zote mbili. Ile ya ukoo kamili ilikwenda sebuleni kwa wazazi. Ile ya mkono shangazi aliichukua mwenyewe na kuitundika juu ya meza yake ya chakula, na wageni wanasema hakuna mlo nyumbani kwake unaokwisha bila hadithi yake. Sifa zikatembea. Watu ambao hawakuwa na harusi wala ugomvi walianza kuja studio kuomba mkono begani. Mzee mmoja alitaka mguu wa ziada. Mwenye studio, aliyekuwa amejiandaa kumgombeza Fundi Wino kwa kuharibu kazi ya mteja, alijikuta anamnunulia kiti chenye magurudumu, na nyusi zake kwa mara ya kwanza zikalegea.

Juzi hapa ililetwa picha ndogo ya timu ya mpira ya kiwanda cha sabuni, ndogo kama stempu, wakitaka ichapwe bango la kutundikwa getini. Fundi Wino aliikuza, ikakua, wachezaji wakaonekana wamenona kidogo lakini ni watu. Akaihifadhi, akavaa miwani yake ya kutembelea, akaenda dukani kununua mkate. Akiwa kwenye foleni swali likampata. Picha ilikuwa na miraba michache, na bango lina miraba kibao. Hiyo mipya imetoka wapi?

Akampigia mpwa wake papo hapo. Mpwa alikuwa kwenye kikao, akajibu kwa kunong'ona.

"Inabuni, Mama Mkubwa. Inatazama mraba wa huku na mraba wa huku, inakisia wa katikati angekuwaje."

"Yaani yule golikipa, nusu yake ni uvumi?"

Upande wa pili wa simu ikasikika sauti ya mtu anayejaribu kutocheka kwenye kikao na kushindwa. Fundi Wino naye kicheko kilikuwa kimeshatoka tumboni, kimefika kifuani. Muuza mkate akamuuliza anataka mingapi, naye, machozi yakimtiririka, akanyoosha vidole tu, akashindwa kusema.